Oili ya Machogu

Machogu alikata roho kukipambazuka katika hospitali ya Kisii, na Inspekta Jethro Ombui ndiye aliyemfumba macho. Hapakuwa na jamaa kando ya kitanda. Mkewe, Bosibori, alikuwa amerudi Nyansiongo jana yake kukamua ng'ombe, kwa maana ng'ombe hawajui msiba, akaahidi kurejea asubuhi na uji.

Kabla ya kuondoka duniani, mgonjwa alifumbua jicho moja, lile lililokuwa bado linaweza kufumbuka, akasema maneno machache kwa Ekegusii.

"Oili nilipeleka mimi."

Ombui akainamisha sikio. "Ulimpelekea nani?"

Machogu alihangaika kuitafuta pumzi. "Muulizeni Tryphosa," akasema. Hakusema tena.

Mkubwa wa upelelezi pale Kisii aliyasikiliza maneno hayo akiwa amesimama dirishani, na yakampendeza.

"Amekiri," alisema. "Na amemtaja mwenzake. Mke wa mwenye kinu na jirani wamemwondoa mume. Nenda Nyansiongo ukamlete huyo Tryphosa, tulifunge jalada."

"Na waliompiga Machogu, mzee?"

"Hasira za watu hizo, Ombui. Utashika kijiji kizima?"

Ombui alipiga saluti akatoka. Hakubisha. Alikuwa mtu wa Marani, mfupi, mkimya, aliyerudi kutoka vita vya Burma na mguu wenye chuma ndani, na katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amejifunza kwamba mkubwa habishiwi kwa maneno. Aliingia katika Landrova akaendesha mwenyewe kupitia Keroka, huku ukungu ukijiondoa taratibu juu ya mashamba. Nyansiongo ilikuwa imetoka mikononi mwa walowezi si zamani sana. Mistari ya mivinje waliyoipanda kukinga upepo ilikuwa bado imesimama wima, ila sasa kati ya mistari ile mlikuwa na nyumba ndogondogo za bati jipya, mahindi ya watu wengi, na ng'ombe wa maziwa waliokuwa bado wanaitwa kwa majina ya Kizungu.

Alipofika kwenye lango la Machogu, alimwona Bosibori amesimama barabarani na birika lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa anangoja gari la kumfikisha hospitalini. Aliitambua Landrova, akainua mkono.

Ombui naye aliinua mkono wake, akapita.

Hakurudi nyuma. Habari ikimfikia mjane itakuwa imemfikia kila mtu, na watu wakishajua kwamba kipigo chao kimeua, hakuna kinywa kitakachosema kweli tena pale. Alihitaji wamzungumzie Machogu kama mtu aliye hai.

Konstebo Onyancha alikuwa anamsubiri mlangoni mwa kinu. Lilikuwa banda la mbao na mabati, na juu ya paa palikuwa na tundu kubwa kuliko kichwa cha mtu, mabati yamechanikia nje.

"Kuna aliyegusa kitu?"

"Hakuna, afande. Isipokuwa waliomtoa marehemu mwenye kinu."

"Nieleze tena, kama mtu asiyejua lolote."

Onyancha alieleza. Juzi asubuhi, Jumatatu, Nehemiah Nyamongo, mwenye kinu, aliwasha injini wanawake wakiwa wamepanga mstari na mahindi yao. Haikuchukua muda injini ikaanza kwenda mbio yenyewe. Nehemiah akafunga dizeli. Injini ikazidi. Akawafukuza watu wote nje, yeye akabaki ndani. Kisha gurudumu zito la chuma lililo mbele ya injini likapasuka. Kipande kimoja kilitoboa paa. Kingine kilimpata Nehemiah kifuani.

"Watu wanasema imerogwa, afande. Dizeli imefungwa, na bado inanguruma? Ilikuwa inakula nini?"

Ombui alipiga goti kando ya injini. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya kijani iliyobabuka, na hata mtu asiyejua injini angeona haikutengenezwa kwa kazi ya kusaga mahindi. Ilitoka katika mashua. Mzungu aliyekuwa na shamba lile alikuwa na mashua ya matanga kule ziwani, karibu na Kisumu, na injini hii ilikuwa ya kumrudisha bandarini siku ambazo upepo umelala. Alipouza shamba akaenda kwao, injini iliuzwa pamoja na majembe ya kukokotwa na madumu ya maziwa. Nehemiah aliinunua watu wakamcheka. Baadaye waliomcheka walipanga mstari mlangoni mwake wakiwa na debe kichwani.

Kwanza Ombui alitazama bomba la dizeli. Kifungio chake kilikuwa kimekazwa hadi mwisho. Nehemiah alikuwa amekifunga kwa nguvu za mtu anayepigania roho. Kisha akaingiza vidole katika mdomo wa hewa, pale injini inapovutia pumzi. Vilitoka vimelowa oili nyeusi. Gunia moja lilikuwa limening'inia hapo, ncha yake imemezwa na mdomo ule.

"Unaona?" alimwambia Onyancha. "Alikuwa anataka kuiziba pumzi. Alijua kwamba ndiyo njia pekee iliyobaki."

"Njia ya kufanya nini?"

"Kuiua. Haikurogwa, Onyancha. Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe. Kule Burma niliona injini ya taa za kambi ikifanya hivyo. Oili ikizidi tumboni, hupigwapigwa ikawa povu na moshi, injini ikauvuta moshi huo kupitia mdomo wa hewa, ikauchoma badala ya dizeli. Hapo huwezi kuizima kwa kufunga bomba. Itakwenda mbio mpaka oili iishe au ivunjike."

Onyancha aliitazama ile mashine kama mtu anayemtazama mbwa aliyemuuma bwana wake. "Kwa hiyo mtu aliijaza oili kupita kiasi."

"Mtu aliijaza."

"Basi ni yeye, afande." Konstebo alinyoosha kidole kwenye rafu. Palikuwa na mkebe mkubwa wa oili, umebaki chini ya nusu, na ubavuni umeandikwa herufi M kwa rangi nyekundu. "Huo ni mkebe wa Machogu. Mikebe yote ya kinu chake kule bondeni ina alama hiyo."

Ombui aliuchukua mkebe, akautikisa, akaurudisha. Alichomoa kijiti cha kupimia oili kutoka nyuma ya injini, upande wa mbali na gurudumu, akakifuta kwa kitambaa, akakichomeka tena, akakichomoa. Kilikuwa kikavu hadi karibu na ncha. Hilo halikumshangaza, oili nyingi ilikuwa imeungua. Kilichomsumbua kilikuwa sakafuni. Alitambaa na goti lake bovu kuizunguka injini nzima, akipapasa saruji kwa kiganja. Saruji ilikuwa safi, mpya, ya kijivu cheupe, bila hata tone.

Shahidi wa kwanza alikuwa Drusilla, mwanamke mtu mzima aliyekuwa wa kwanza katika mstari siku ile. Aliketi juu ya gunia la mahindi yake, ambayo hakuwa na moyo wa kuyapeleka kusagwa kwingine.

"Bwakire, mama."

"Bwakire, mwanangu."

"Ulimwona Nehemiah akitia oili asubuhi ile?"

"Nehemiah hakuwa akitia oili. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe. Yeye huja mapema, kabla injini haijawashwa, anavuta kile kijiti, anakifuta, anakisoma. Nehemiah alikuwa akisema, 'Tryphosa ana macho, mimi nina mikono.'"

"Na asubuhi ile alitia?"

"Alitia. Alimimina, akapima, akamimina tena." Drusilla alianza kuvuta uzi wa gunia. "Mwanangu, yule mtu alinisukuma nikaangukia nje hapo kwenye majani. Nilimtukana. Nilidhani amenidharau. Sasa nimekaa hapa na tusi langu."

Ombui alimwacha alie.

Cleophas alikuja mwenyewe kabla ya kuitwa. Alikuwa mdogo wake Nehemiah, fundi wa kujenga nyumba, mrefu, mwenye saruji katika kucha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kwenye vifundo.

"Bwana Inspekta, karibu kwenye msiba wetu. Yule muuaji anaendeleaje? Bado anakula chakula cha serikali?"

"Yuko hospitalini," alisema Ombui, na hakusema uongo. "Mkono umefanya nini?"

"Kazi."

"Nani alikuwa wa kwanza kumgusa Machogu?"

Cleophas alimtazama bila haya. "Mimi. Andika. Alikuja mbio kutoka bondeni eti kusaidia, na ndugu yangu bado hajapoa. Nilimwuliza swali moja tu: oili ile ni ya nani? Akasema, 'Ni yangu.' Angesema nini tena nimwache?"

"Ulijuaje kuhusu oili?"

"Nilimwona! Jumapili jioni nilikuwa mtoni naosha mwiko na pimamaji, nikamwona anapanda na mkebe, akaingia humu, akatoka mikono mitupu. Mtu ambaye aligombana na ndugu yangu juu ya mfereji wa maji hadi kwa chifu. Tangu kinu chetu kifunguliwe, kinu chake kimekuwa nyumba ya panya. Anamletea oili ya nini?"

"Jumapili ulikuwa unajenga nini?"

"Kazi ndogo ndogo."

"Hapa?"

"Hapa. Ndugu yangu alikuwa na shida ya mkanda wa kinu kuteleza. Nilimtengenezea." Alisema hivyo kama mtu anayekung'uta vumbi, akarudi kwenye neno lake. "Bwana Inspekta, ukitaka kujua nani alimfungulia Machogu mlango, usiniulize mimi. Uliza nyumba."

"Unamaanisha shemeji yako."

"Nimesema uliza nyumba."

Basi, hata yeye, mbali na Kisii, alikuwa amefika kwenye wazo la mkubwa. Ombui alimwomba akae nje, akamtuma Onyancha amwite mjane.

Tryphosa aliletwa akiwa ameshikwa na wanawake wawili, lakini mlangoni aliwaachilia akaingia peke yake. Alikuwa bado kijana. Aliitazama injini, halafu sakafu mahali ambapo mumewe alilala, halafu akamtazama Inspekta.

"Mama Gesare, pole sana."

"Ahsante, baba."

"Nina maswali. Mengine yatauma."

"Uliza. Maumivu hayana nafasi ya kuingia tena."

"Machogu alileta oili hapa Jumapili jioni. Ulijua?"

"Nilijua. Nilimpokea mimi na mume wangu."

"Kwa nini aliileta?"

"Kwa sababu walikuwa wamepatana." Alisema polepole, akichagua. "Walipatana Sabato, nje ya kanisa, mimi nikiwapo. Machogu alisema amechoka kumwogopa jirani yake. Mume wangu akasema oili yetu ya akiba imeisha na gari la kutuletea halijapita. Jumapili Machogu akaleta mkebe. Alisema, 'Mashine ya ndugu yangu isife kwa kiu.'"

Nje, kivuli cha Cleophas kilisogea kwenye nyufa za mbao.

"Mbona Cleophas hakujua?"

"Nehemiah alitaka kumwambia mwenyewe, taratibu. Cleophas ana hasira za karibu, na alikuwa amekasirika kwa niaba yetu kuliko sisi wenyewe."

"Mkebe ulikuwa umefunguliwa?"

"Ulikuwa umefungwa kwa muhuri wa risasi, kama unavyotoka dukani. Niliukata mimi kwa kisu Jumatatu asubuhi."

Machogu hakuwa amemimina hata tone. Ombui aliuliza swali ambalo mwenyewe hakulipenda. "Walipokuwa wanampiga, kwa nini hukuwaambia?"

Tryphosa alitazama viganja vyake. "Nilikuwa nimekipakata kichwa cha mume wangu. Nilisikia kelele nje. Nilidhani wanalia."

Hata Onyancha, aliyekuwa mlangoni, aligeuza uso.

"Nionyeshe unavyopima," alisema Ombui.

Aliinama, na mikono yake ikafanya kazi bila yeye kuiamuru. Alifuta mahali pa kijiti kwanza ili mchanga usiingie. Akakichomoa, akakipangusa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, akakichomeka hadi mwisho, akangoja, akakichomoa, akakishika kwa ulalo kuelekea mwanga. "Alama hii ya chini ni kiu. Hii ya juu ni shibe. Fundi aliyeileta kutoka ziwani alinifundisha. Alisema nipime asubuhi injini ikiwa baridi, kwa sababu ikitoka kazini oili inakuwa bado imetapakaa juu."

"Hakuna aliyekosea hapo. Jumamosi ni Sabato, hamsagi, na Jumapili Cleophas alikuwa anajenga. Ijumaa ulipima?"

"Nilipima. Ilikuwa kwenye shibe."

"Na Jumatatu?"

"Ilikuwa chini ya kiu. Kijiti kilikuwa karibu kikavu. Nilishtuka, nikamwambia Nehemiah, akasema labda inavuja, lakini watu wamekwisha fika. Nikamimina mpaka ikapanda kwenye shibe. Iliingia nyingi, baba. Nilijiuliza inakwenda wapi."

Ombui aliuliza swali lile lile kimoyomoyo. Ijumaa imeshiba. Jumatatu ina kiu. Katikati injini haikuwashwa. Na sakafuni hakuna tone. Oili haina miguu.

Alisimama, akaitazama tena ile saruji mpya. Kisha akatoka nje, akazunguka nyuma ya banda, na huko, katika magugu, akakuta vipande viwili vya mbao ngumu vilivyochongwa kama kabari, vinene upande mmoja na vyembamba upande wa pili, vikiwa na matundu ya bolti na madoa ya oili ya zamani. Alivibeba hadi ndani, akavilaza mbele ya Cleophas.

"Vilikuwa wapi hivi?"

"Chini ya injini. Nilivitoa Jumapili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa imelala!" Cleophas alicheka kwa dharau ya ufundi wake. "Yule fundi wa ziwani aliifunga mbele juu, nyuma chini, kama mlevi aliyeegemea ukuta. Ndiyo maana mkanda ulikuwa unateleza. Nikamwambia ndugu yangu, kitu kilichopinda si kitu. Nilimwaga saruji nikaiweka sawa. Chukua pimamaji uone. Tone la hewa linakaa katikati kabisa."

"Nakuamini. Onyancha, leta jeki ya Landrova na spana."

Injini ilikuwa imevunjika gurudumu, lakini tumbo lake lilikuwa zima na ndani mlikuwa na oili iliyosalia. Walilegeza nati nne, wakaondoa mkanda uliokatika. Ombui alimkabidhi Tryphosa kijiti.

"Pima, mama. Kama ilivyo sasa."

Alipima. "Kavu. Ncha tu ndiyo imelowa."

"Cleophas, weka jeki hapo mbele. Inua mpaka kabari hizi ziingie."

Cleophas alipiga magoti akaanza kuzungusha mkono wa jeki. Sehemu ya mbele ya injini iliinuka. Onyancha alisukuma kabari moja, kisha nyingine, na injini ikarudi katika ule ulalo wake wa zamani, ulalo iliokuwa nao katika tumbo la mashua ya Mzungu. Ndani yake walisikia sauti ndogo, kama ya mtu anayemeza. Ombui aliwafanya wangoje oili itulie.

"Pima tena."

Tryphosa alikifuta kijiti, akakichomeka, akakichomoa. Alikitazama. Akakifuta, akarudia.

"Imepita alama ya chini," alisema. "Inakaribia shibe. Baba, hatujamimina kitu."

"Hatujamimina kitu," alikubali Ombui. Alizungumza polepole ili wote wamfuate. "Injini hii ilifanywa kulala. Katika mashua inakaa mbele juu, nyuma chini, na oili inakusanyika nyuma, pale kijiti kilipo. Alama zilichorwa kwa ulalo huo. Ikinyooshwa, oili inatawanyika tumbo zima, inakimbia kijiti. Ijumaa ilikuwa imeshiba. Jumatatu ilikuwa bado imeshiba, oili ile ile, lakini kijiti kikasema ina kiu."

Cleophas alikuwa bado amepiga magoti, mkono juu ya jeki. Alizitazama kabari. Ombui aliona jinsi maana ilivyokuwa inamwingia, kwanza usoni, halafu mabegani.

"Mimi niliinyoosha," alisema Cleophas.

"Ndiyo."

"Nilitaka kumsaidia."

"Najua."

"Na Machogu..." Aliuachia mkono wa jeki. "Machogu alileta oili tu. Alileta oili kwa sababu tuliishiwa." Akasimama ghafla, akijipangusa magoti. "Twende hospitalini, Bwana Inspekta. Twende sasa hivi. Nitampigia magoti. Nitamjengea nyumba nyingine, nitamlimia. Twende."

Hapo ndipo Ombui alipoona kwamba hawezi tena kuificha. Alivua kofia.

"Machogu amefariki, Cleophas. Alifariki leo asubuhi mikononi mwangu. Nakukamata kwa kifo chake. Huna haja ya kusema lolote sasa."

Cleophas alimwangalia kama mtu aliyeitwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akainyoosha mikono yake miwili mbele, ule mzima na ule uliovimba, akaiacha hapo hewani. Onyancha aliangalia pingu zake, akamwangalia Inspekta. Ombui akatikisa kichwa. Konstebo alimshika Cleophas kiwiko tu, akamwongoza nje kama mgonjwa.

Tryphosa alibaki na kijiti mkononi. "Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ulipima vizuri."

"Nakuuliza ni nani aliyemimina."

Ombui angeweza kumpunguzia. Katika kazi yake alikuwa amewapunguzia wengi, na baadaye waliujua ukweli kwa vinywa vya wabaya. "Ni wewe uliyemimina, mama. Bila kosa. Nitaandika hivyo na nitasimama mahakamani niseme hivyo. Wengine watasema vingine."

"Watasema." Alikirudisha kijiti mahali pake, akakisukuma hadi mwisho kwa uangalifu, ingawa injini ile haitawaka tena. "Bosibori anajua kwamba mumewe amekufa?"

"Bado. Naenda kumwambia sasa."

"Nipeleke."

"Huna lazima. Anaweza kukufukuza."

"Mume wake alikuja mbio kumsaidia mume wangu. Nitatuma nani?"

Walikwenda, Onyancha na Cleophas nyuma, mjane mbele. Bosibori alikuwa bado langoni. Hakuna gari lililokuwa limepita. Alipomwona Tryphosa akishuka katika Landrova, amefunga kanga ya msiba kiunoni, na Inspekta kofia mkononi, aliliweka birika chini kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Alikaa kwenye majani kando ya barabara, miguu imenyooka mbele.

Ombui alisema aliyokuja kusema. Alisema pia kwamba Machogu hakuwa na hatia yoyote, na kwamba jambo hilo litasomwa hadharani, mbele ya chifu na kanisa. Hakujua kama alikuwa amesikika. Tryphosa alikaa chini karibu na Bosibori, bila kumgusa.

"Alikuja kwetu kwa wema," alisema Tryphosa. "Nilijua, na sikusema kwa wakati. Oili nilimimina mimi. Machogu hakumimina. Ukiniambia niondoke, nitaondoka."

Bosibori hakumwambia aondoke. Aliinuka, akapita mbele ya Inspekta, akaenda moja kwa moja hadi nyuma ya Landrova, mahali Cleophas alipokuwa ameketi kichwa katikati ya magoti. Onyancha alitaka kumzuia. Ombui alimkataza kwa jicho.

"Cleophas," aliita.

Kijana aliinua uso.

"Nyumba hii uliijenga wewe," alisema Bosibori, sauti yake ikiwa ya chini, karibu ya upole. "Ulikula kwetu mpaka ikaisha. Machogu alikuchanganyia udongo kwa mikono yake. Sasa niambie. Nikiingia humo ndani usiku wa leo, ukuta gani ni wa kuegemea?"

Cleophas alirudisha kichwa katikati ya magoti.

Bosibori alingoja, kana kwamba kweli alitaka kujibiwa. Kisha aligeuka kwenda nyumbani, akajikwaa, na Tryphosa, aliyekuwa amemfuata nyuma, akamdaka kabla hajafika chini. Walipanda pamoja kile kinjia cha kwenda nyumbani, mmoja amemwegemea mwenziwe, haikujulikana yupi anamshikilia yupi. Ombui alisimama barabarani na kofia yake mkononi mpaka mlango ulipofungwa, na kilio kilipoanza, sauti mbili, ndipo naye akawasha gari.